Kufunga Supachaja kwenye Kruza: Petroli Kwanza, Hewa Baadaye

Wanaojifungia supachaja (mashine inayozungushwa na injini na kuisukumia hewa zaidi) kwenye pikipiki ya kruza huharibikiwa kwa namna ile ile. Mashine inakaa vizuri, mkanda unazunguka, injini inawaka na kutulia. Pikipiki inatoka barabarani, inavutwa mafuta hadi mwisho mara mbili tatu, kisha moshi wa buluu unaanza na silinda ya nyuma inakosa nguvu. Ikifunguliwa, pistoni ina tundu.

Mara nyingi supachaja yenyewe haina kosa. Hewa iliongezwa kabla petroli, cheche na joto havijaandaliwa kuipokea. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zimegeuzwa: mfumo wa mafuta unafungwa na kujaribiwa barabarani wakati supachaja bado iko kwenye boksi lake.

Mwongozo unahusu kruza ya silinda mbili za V, yenye injekta na kompyuta inayokubali kupangwa upya. Ya kabureta ni kazi nyingine kabisa, kwa sababu kabureta ikisukumiwa hewa bila kufungwa na kulishwa kwa shinikizo la ziada hurudisha petroli badala ya kuitoa. Lengo letu ni busti, yaani shinikizo la hewa linaloongezwa na supachaja, ya psi 6 hadi 8 kwenye injini ambayo pistoni zake ni za kiwandani. Ukitaka zaidi ya hapo, anza na pistoni za kufuliwa, yaani zilizo imara kuliko za kiwandani.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kulegeza bolti ya kwanza

- Seti ya supachaja iliyotengenezwa kwa modeli yako: braketi, puli, mkanda, mabomba na oili yake maalumu.
- Kipoza hewa, kama hakimo kwenye seti.
- Valvu ya kuachia hewa.
- Injekta kubwa, pampu ya petroli yenye uwezo zaidi, na regyuleta (kidhibiti cha shinikizo la petroli) inayosoma shinikizo la manifoldi (bomba linaloingiza hewa kwenye silinda).
- Sensa ya shinikizo la manifoldi ya baa 2 au zaidi.
- Sensa mbili za oksijeni za masafa mapana, moja kwa kila bomba la ekzosi, pamoja na geji zake.
- Geji ya busti na geji ya shinikizo la petroli.
- Plagi zenye ubaridi wa ngazi moja au mbili kuliko za kawaida.
- Springi ngumu za klachi au seti nzima ya klachi.
- Kopo la kukusanyia mvuke wa oili.
- Spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), rula ndefu ya chuma, geji ya kompresheni na kipimo cha uvujaji wa silinda.
- Kifaa cha kupangia kompyuta ya injini, na nafasi iliyokwisha kuwekwa kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu za pikipiki).

Hilo la mwisho watu huliahirisha. Usiliahirishe. Kama hakuna daino wala fundi wa kupanga kompyuta unayeweza kumfikia, acha supachaja dukani.

## Hatua ya 1: Pima afya ya injini

Supachaja haifichi udhaifu wa injini, huukuza. Pima kompresheni injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa na mafuta yamevutwa hadi mwisho. Tofauti kati ya silinda mbili isizidi asilimia 10. Baadhi ya V kubwa zina valvu za kupunguza kompresheni wakati wa kuwasha. Zikibaki wazi utapata namba ndogo na kuhukumu injini nzima bure, kwa hiyo soma kitabu cha modeli yako kwanza.

Kisha pima uvujaji. Chini ya asilimia 10 ni salama kuendelea. Ukivuka 15, sikiliza hewa inatokea wapi: kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea moshi, kwenye njia ya kuingizia ni valvu ya hewa, kwenye mdomo wa oili ni ringi. Tengeneza hilo kwanza.

Umefaulu ikiwa: silinda zote mbili zinakaribiana, hakuna oili kwenye plagi, na gasketi za hedi ni kavu pande zote.

## Hatua ya 2: Piga hesabu

Hapa ndipo pesa huokolewa, kwa hiyo kaa nayo.

Busti. Hewa ya kawaida usawa wa bahari ina shinikizo la psi 14.7. Ukiongeza psi 7, shinikizo linapanda kwa takriban asilimia 48. Nguvu hazipandi kwa kiasi hicho hicho, kwa kuwa supachaja inakula sehemu ya nguvu za krankshafti na inapasha hewa joto.

Joto. Hewa ya nyuzi 30 ikisukumwa hadi psi 7 na mashine yenye ufanisi wa asilimia 65, hutoka ikiwa karibu nyuzi 85. Hewa ya moto ni nyepesi na huharakisha injini kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Kugonga huko ndiko kunakotoboa pistoni. Kipoza hewa kinanunuliwa kwa sababu hiyo.

Kompresheni. Mafundi hukadiria kwa kuzidisha kompresheni ya injini kwa shinikizo lote gawanya kwa 14.7. Injini ya 9 kwa 1 yenye psi 7 inakuwa kama ya 13.3 kwa 1. Ni makadirio tu, ila yanaonyesha kwa nini injini ya 10.5 kwa 1 iliyopozwa kwa upepo haifai kupewa psi 8 na petroli ya oktani ndogo, yaani isiyostahimili kugonga. Tumia petroli bora kabisa unayoipata kila siku, na upange injini kwa hiyo hiyo. Ukiipanga kwa oktani 98 halafu ukajaza 91, ramani yote (mpangilio wa petroli na cheche ndani ya kompyuta) inakuwa ya uongo.

Injekta. Injini yenye supachaja hutumia takriban gramu 295 za petroli kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi. Ukilenga nguvu za farasi 120 kwenye krankshafti, ni kilo 35.4 kwa saa, sawa na lita 48, au karibu sisi (sentimita za ujazo) 800 kwa dakika. Gawanya kwa injekta mbili: sisi 400 kila moja. Injekta isifanye kazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake, kwa hiyo gawanya tena kwa 0.85. Unahitaji injekta za takriban sisi 470. Usinunue za 1,000 kwa tamaa, kwani kubwa mno haziwezi kupima matone madogo na injini itasumbua ikiwa sailensa, yaani ikiwaka bila kuvutwa mafuta.

Puli. Mzunguko wa supachaja ni mzunguko wa injini, zidisha kwa kipenyo cha puli ya krankshafti, gawanya kwa kipenyo cha puli ya supachaja, kisha zidisha kwa uwiano wa gia za ndani kama zipo. Injini ya 5,500, puli ya milimita 150 kwa 75, gia za ndani mara 7.5: jumla ni mizunguko 82,500 kwa dakika. Linganisha na kikomo alichotoa mtengenezaji na usikivuke, hata kama busti bado ni ndogo.

### Roots au ya pangaboi?

Ya Roots, yenye rota mbili zinazozunguka pamoja, husukuma hewa tangu mizunguko ya chini, nayo inaendana na tabia ya kruza. Lakini inapasha hewa joto zaidi na mzigo wake unaangukia pistoni na klachi mapema. Wengi huinunua kwa macho, kwa sababu inang'aa ubavuni.

Ya pangaboi hupandisha busti takriban kwa mraba wa mzunguko. Ikitoa psi 7 kwenye 6,000, kwenye 3,000 utapata chini ya 2. Kwa injini yenye pistoni za kiwandani mimi huchagua hii, kwa sababu sehemu kubwa ya safari injini inafanya kazi kama kawaida. Kumbuka tu kwamba kanuni hiyo hiyo ya mraba ni mtego: kuongeza mzunguko wake kwa asilimia 10 kunapandisha busti kwa karibu asilimia 21. Puli ndogo kidogo si jambo dogo.

## Hatua ya 3: Funga mfumo wa mafuta na uendeshe bila supachaja

Toa betri. Shusha shinikizo la petroli kwa njia iliyoelezwa kwenye kitabu chako kabla ya kufungua bomba lolote, na fanya kazi hiyo mahali penye hewa, mbali na cheche.

Badilisha pampu, injekta na regyuleta. Kruza nyingi zina regyuleta ndani ya tangi inayoshikilia shinikizo moja, karibu baa 4. Bila busti hilo linatosha. Manifoldi ikiwa na baa 0.5, injekta inasukuma dhidi ya hewa hiyo na shinikizo lake la kweli linashuka hadi 3.5, wakati ule ule injini inapohitaji petroli nyingi zaidi. Regyuleta inayounganishwa na manifoldi hupandisha shinikizo sambamba na busti. Kwa hiyo pampu nayo iweze kutoa lita zako zote kwenye baa 4.5. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ikiwa imepimwa bila shinikizo lolote haikusaidii.

Choma nati za sensa za oksijeni kwenye mabomba yote mawili ya ekzosi. Sensa iinuliwe angalau nyuzi 10 juu ya usawa ili maji yasiikalie. Sensa moja haitoshi, kwa sababu silinda za V hazipumui sawa. Kwenye V ya nyuzi 45 inayotumia pini moja ya krankshafti, cheche zinapishana kwa nyuzi 315 kisha 405. Silinda moja inaweza kuwa na mchanganyiko mzuri huku mwenzake anaungua.

Weka sensa mpya ya manifoldi. Ya kiwandani kwa kawaida huishia karibu kilopaskali 100, na psi 7 za busti pamoja na hewa ya kawaida ni karibu kilopaskali 150. Bila kuibadilisha, kompyuta inakuwa kipofu kuanzia pale busti inapoanza.

Sasa weka ramani mpya yenye vipimo vya injekta na sensa hizo, funga filta ya hewa ya zamani, na uendeshe pikipiki hivyo hivyo. Sailensa itulie. Mwendo wa kawaida uwe kati ya 13.5 na 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli.

Onyo: harufu ya petroli, hata kidogo, ni sababu ya kuzima na kutafuta unapovuja. Busti haitaziba tundu lolote.

Umefaulu ikiwa: pikipiki inakwenda kama ilivyokuwa kabla hujaigusa. Sasa lolote litakaloharibika baadaye utajua limeletwa na hewa. Wanaofunga kila kitu siku moja hawana namna ya kujua.

## Hatua ya 4: Plagi na pumzi ya injini

Weka plagi za baridi na upunguze pengo hadi milimita 0.6 au 0.7. Hewa nzito huzuia cheche kuruka. Pengo la kawaida litafanya injini ikose moto pale unapovuta sana.

Pumzi ya injini husahauliwa. Kwenye V nyingi, mvuke wa oili unatoka kwenye hedi na kuingia kwenye boksi la filta. Ukiweka supachaja mahali hapo, busti itapitia njia hiyo hiyo kurudi ndani ya injini na kusukuma sili nje. Ziba matundu ya zamani, peleka mabomba kwenye kopo la kukusanyia. Kuna faida ya pili: oili inayoingia na hewa hupunguza uwezo wa petroli kustahimili kugonga.

## Hatua ya 5: Braketi, puli na mkanda

Kwenye V kubwa mwisho wa krankshafti uko ndani ya kava ya praimari (inayofunika mnyororo wa kupeleka nguvu kwenye klachi), na seti nyingi huja na shafti inayotokeza nje kupitia sili. Safisha nyuso, tumia gasketi mpya, na kaza kwa toki iliyoandikwa kwenye karatasi ya seti. Weka gundi ya kufungia bolti pale tu inapotajwa.

Kaza bolti zote za braketi kwa mkono kwanza. Weka rula ya chuma kwenye nyuso za puli zote mbili. Mwachano usizidi milimita 1 kwa kila sentimita 20 za umbali kati yao. Ikigusa vizuri, kaza kwa mpangilio wa msalaba, kisha pima tena. Mara nyingi kukaza kunaivuta braketi, na kipimo cha kwanza hakina maana tena.

Mkanda ukilegea utateleza na busti itashuka kwenye mizunguko ya juu. Ukikazwa kupita kiasi unaua beringi ya supachaja. Fuata kipimo cha mtengenezaji. Kidole gumba si kipimo.

Umefaulu ikiwa: ukizungusha injini kwa mkono, mkanda unabaki katikati ya puli na hakuna kinachogusa fremu, mguu wako au bomba la ekzosi.

## Hatua ya 6: Njia ya hewa

Mpangilio kwa supachaja ya pangaboi ni huu: filta, supachaja, kipoza hewa, valvu ya kuachia, throto (mlango wa hewa unaofunguka unapovuta mafuta), manifoldi. Kipoza kikae mahali upepo unapopita moja kwa moja, si nyuma ya injini.

Valvu ya kuachia si pambo la sauti. Ukifunga mafuta ghafla kwenye mizunguko ya juu, supachaja inaendelea kuzunguka lakini hewa haina pa kwenda. Inarudi nyuma, inalipiga pangaboi, na mpira ulio dhaifu unachomoka. Bomba dogo la valvu liunganishwe baada ya throto. Ukiliunganisha kabla, valvu haitajua kwamba umeachia mafuta.

Supachaja ya Roots kwa kawaida hukaa baada ya throto, nayo hutumia valvu ya kukwepesha hewa. Fuata mchoro wa seti yako.

Futa mafuta yote ndani ya mipira ya silikoni na kwenye midomo ya mabomba kabla ya kukaza klempu. Kisha jaribu uvujaji: ziba mdomo wa filta kwa kizibo chenye valvu ya tairi, fungua throto kidogo, tia hewa psi 5, nyunyiza maji ya sabuni kwenye viungo. Hewa nyingine itapotelea ndani ya injini kupitia valvu zilizo wazi, na hiyo ni kawaida. Unachotafuta ni mapovu.

## Hatua ya 7: Klachi

Fupi: badilisha springi wakati kava ya praimari iko wazi kwa Hatua ya 5. Klachi inayoteleza kwenye daino inapoteza siku nzima, kwani injini inapanda mizunguko na gurudumu halifuati.

## Hatua ya 8: Ramani ya kuanzia

Kabla ya kuwasha, ramani iwe na mambo matatu.

Kwanza, petroli. Kwenye busti lenga 11.5 hadi 12 za hewa kwa 1 ya petroli. Ziada hiyo ya petroli hupoza chumba cha moto.

Pili, cheche. Irudishe nyuma, yaani ichelewe, nyuzi 1 kwa kila psi ya busti ukilinganisha na ramani ya kawaida. Utaisogeza mbele tena kidogo kidogo kwenye daino kama injini inaruhusu.

Tatu, ulinzi. Weka kikomo cha busti psi 1 juu ya lengo lako, na ushushe kikomo cha mizunguko kwa 500. Mkanda au puli isiyo sahihi itakamatwa hapo, kabla ya pistoni.

## Hatua ya 9: Kuwasha

Jaza oili ya supachaja hadi alama. Tenga injekta na plagi kwa muda, zungusha injini kwa stata hadi taa ya oili izime, kisha rudisha kila kitu na uwashe.

Acha itulie bila kuvutwa. Angalia mkanda, sikiliza beringi, tazama geji za oksijeni. Mlio mwembamba wa gia za supachaja ni kawaida. Kukwaruza si kawaida: zima. Ukiwa sailensa geji ya busti lazima isome chini ya sifuri. Ikisoma sifuri, hewa inavuja kati ya throto na hedi.

Onyo: usitoke barabarani "kujaribu kidogo". Pikipiki iende kwenye daino juu ya gari.

## Hatua ya 10: Daino

Anza na mizunguko ya chini na mafuta robo, panda kwa ngazi. Kila mvuto uangaliwe namba nne: mchanganyiko wa kila silinda, shinikizo la petroli, busti, na joto la hewa inayoingia. Mchanganyiko ukivuka 12.5 injini ikiwa kwenye busti, achia mara moja. Usisubiri kuona kama utajirekebisha.

Shinikizo la petroli lipande pamoja na busti. Likisimama au likishuka, pampu au waya wake hautoshi, na hakuna ramani itakayotibu hilo.

Silinda ya nyuma hupata upepo mdogo, hivyo ipewe petroli zaidi kidogo na cheche ya nyuma zaidi kuliko ya mbele, hata kama namba za oksijeni zinafanana.

Acha injini ipoe kati ya mivuto. Baada ya mivuto mikali, toa plagi na uzitazame kwa lenzi. Vidoa vidogo vya kung'aa kama fedha juu ya kauri nyeupe ni aluminiamu ya pistoni. Injini imegonga, hata kama hukusikia kitu. Rudisha cheche nyuma nyuzi 2 na upime upya.

Umefaulu ikiwa: silinda zote mbili zinabaki kati ya 11.5 na 12 kwenye busti, injekta haziendi zaidi ya asilimia 85, plagi ni safi, na mivuto mitatu mfululizo inatoa karibu nguvu ile ile. Nguvu zikishuka kila mvuto, hewa inapata moto kuliko kipoza kinavyoweza.

## Hatua ya 11: Kilomita za mwanzo

Baada ya kilomita 100, kaza upya braketi na klempu na upime mkanda, maana mkanda mpya hunyooka. Unga mweusi kwenye puli ni dalili ya kuteleza au kutolingana. Baada ya kilomita 800 badilisha oili ya injini, na ile ya supachaja kwa ratiba ya mtengenezaji.

Kagua breki na tairi kwa jicho jipya. Vilichaguliwa kwa injini iliyokuwa dhaifu zaidi. Mjulishe pia mwenye bima wako, kwa sababu mabadiliko ya injini yasiyotajwa huweza kufuta fidia.

Kwenye foleni na jua kali, injini inayopozwa kwa upepo hupanda joto haraka. Usivute mafuta hadi mwisho mara tu foleni inapofunguka. Tembea taratibu kilomita moja au mbili hadi joto la hewa inayoingia lishuke, ndipo uvute.